Mtoto mwenye wasiwasi uliopitiliza: nimfariji au nimkazie?

Mama wa Kifungua Mimba ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Naomba mnivumilie kwa urefu wa maelezo haya, kwa kuwa nimekwisha kuyaeleza kwa ufupi kwa watu kadhaa, na kila mara nimejibiwa kwa ufupi vilevile: ama "atakua tu", ama "umemdekeza".

Nina binti wa miaka 9. Katika masomo hana shida yoyote, na daftari zake ni safi kupita kiasi, maana akikosea neno moja hulifuta na kulifuta tena mpaka karatasi itoboke. Tatizo huanza jioni ya kuamkia siku ya shule. Kwanza hunyamaza, kisha maswali huanza: nitamfuata saa ngapi, nikichelewa atakaa wapi, nikipata ajali njiani nani atamwambia, mwalimu akimwita mbele ya wenzake na sauti ikakataa kutoka itakuwaje. Nikimjibu hushusha pumzi, lakini kabla sijaufikia mlango hulirudia swali lile lile kwa maneno mengine. Juzi nilihesabu kimyakimya, nikakuta kwamba swali la "utanifuata saa ngapi" aliliuliza mara 11 kabla ya kupatwa na usingizi, tena akiwa chumbani kwetu, ambako amekuwa akilala kwa miezi 5 sasa.

Asubuhi tumbo humsokota. Sidhani kama anajifanya, kwa sababu namwona anavyojikunja, na nikimshika vidole vinakuwa vya baridi. Daktari wa watoto amemchunguza, akaagiza vipimo vya damu, mkojo na choo, na vyote vikarudi salama. Siku nyingine hutapika kweli. Ikifika hapo mimi hushindwa, humwambia abaki nyumbani, na ndani ya nusu saa anacheza kana kwamba si yeye. Baba yake anaona kwamba huo ndio ushahidi wa uongo, na ikiwa ni zamu yake ya kumpeleka humbeba akilia hadi garini. Tumefika mahali ambapo mimi na mume wangu tunabishana kuhusu mtoto kuliko tunavyozungumza na mtoto mwenyewe.

Naomba msaada wa mawazo. Je, huu ni ugonjwa, au ndivyo alivyoumbwa? Je, mimi ndiye niliyemharibu? Na zaidi ya yote, ninapokuwa nimesimama mlangoni saa kumi na mbili na nusu asubuhi, naye ameng'ang'ania mwimo wa mlango, niseme nini?

---

Baba wa Pacha amejibu:

Pole sana dada. Nitasema lisilopendwa, unisamehe. Mtoto akishagundua kwamba tumbo likiuma hubaki nyumbani, tumbo litauma kila wiki. Simwiti mwongo; nasema tu kwamba njia imekwisha kufunguka, na mwenye kuifunga ni mzazi. Mmoja wa pacha wangu alikuwa hivyo hivyo. Tuliweka sheria kwamba asiye na homa anakwenda shule, basi. Alilia wiki mbili, kisha akaacha. Kwa hiyo mumeo hajakosea kuhusu kwenda. Huenda amekosea katika namna ya kumpeleka, lakini hilo siwezi kulisemea kwa kuwa sikuwapo.

---

Mshauri Nasaha amejibu:

Ndugu mleta mada, nimefanya kazi na watoto na wazazi wao kwa miaka 14, na maelezo yako yanafanana na ya familia nyingi nilizozisikiliza. Siwezi kutambua ugonjwa wa mtu kwa kusoma maandishi, kwa hiyo haya yachukue kama maelezo ya jinsi jambo hili linavyofanya kazi, nawe utapima ni yapi yanamhusu binti yako.

Naanza na tumbo, kwa sababu ndilo linalowagombanisha. Mtu akiingiwa na hofu, mwili hujiandaa kukimbia au kupambana. Homoni ya adrenalini humiminika, moyo huenda mbio, damu huelekezwa kwenye misuli mikubwa, na kazi ya kusaga chakula huahirishwa. Ndiyo sababu tumbo husokota na kichefuchefu huja, na ndiyo sababu vidole ulivyovishika vilikuwa vya baridi: damu imeondolewa huko. Hatari ikiondoka, au mwili ukidhani imeondoka, mambo hurudi mahali pake kwa muda mfupi. Kwa hiyo ile nusu saa anayoiona baba yake kuwa ushahidi wa uongo, mimi naisoma kinyume chake kabisa. Maumivu ya maambukizi hayajali kama leo ni siku ya shule au la. Maumivu ya hofu huondoka pamoja na hofu. Maumivu yalikuwapo, na kupona kulikuwapo.

Kuhusu ugonjwa au maumbile, mstari kati ya viwili hivyo hauko wazi kama tunavyotaka. Hofu ina umri wake. Mtoto wa miezi 8 hivi huwalilia wageni. Akikaribia mwaka mmoja hadi mwaka na nusu hakubali mlezi wake atoke machoni pake. Kati ya miaka 4 na 6 huogopa giza na viumbe visivyokuwapo. Akifika umri wa binti yako huanza kuelewa kwamba ajali na kifo ni mambo ya kweli yanayoweza kumfika mtu anayempenda. Anayewaza ajali akiwa na miaka 9 hajapotoka: akili yake imeweza kuliwaza jambo hilo kabla ya kuweza kupima kama lina uwezekano mkubwa au mdogo. Swali tunalojiuliza ni kama hofu inamzuia kuishi. Mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, katika toleo lake la tano la mwaka 2013, unataka hofu ya kutengana na mzazi iwe imedumu angalau wiki 4 kwa mtoto, nayo iwe inavuruga masomo yake au maisha yake na wengine, ndipo iitwe ugonjwa. Miezi 5 ya kulala chumbani kwenu na siku za shule zinazopotea zinatosha kabisa kumtafuta mwanasaikolojia wa watoto amwone. Usisubiri "atakua tu".

Je, ni wewe uliyemharibu? Hapana. Mtaalamu Jerome Kagan wa Chuo Kikuu cha Harvard aliwafuatilia watoto tangu wakiwa na miezi 4, akakuta kwamba takriban mmoja katika kila watano, akionyeshwa vitu vigeni au kusikilizishwa sauti ngeni, alirusha mikono na miguu na kulia, wakati wenzake walitazama kwa utulivu. Wengi wa hao waliorusha mikono walikuja kuwa watoto waangalifu na wazito wa kuzoea watu, ingawa si wote waliokuja kuugua. Katika miezi 4 hakuna mzazi aliyepata nafasi ya kumharibu mtoto kiasi hicho.

Hata hivyo, na hapa nakuomba usome polepole, mzazi anaweza kuilisha hofu asiyoizaa. Siku uliyomruhusu abaki nyumbani, moyo wake ulitulia, na ule utulivu ulimfundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba shule ilikuwa hatari kweli, na kwamba ameokoka kwa kuikwepa. Kesho yake hofu inarudi ikiwa na ushahidi mpya. Majibu yako 11 hufanya kazi ile ile. Kila jibu humpa nafuu ya dakika mbili, na kumfunza kwamba mashaka ni kitu kisichovumilika mpaka mama aseme neno. Nawe pia unafunzwa, maana ukimruhusu kilio kinakwisha, na moyo wako pia unashuka. Simlaumu mzazi kwa hilo. Mtoto akilia, mwili wa mzazi hautengenezwi kukaa kimya.

Profesa Eli Lebowitz wa Chuo Kikuu cha Yale amejenga tiba nzima juu ya jambo hili, na katika tiba hiyo anayehudhuria vikao ni mzazi peke yake. Mwaka 2020 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya utafiti wa watoto 124 wa miaka 7 hadi 14. Kundi moja la watoto lilipewa tiba ya mazungumzo inayomfundisha mtoto kuzichunguza fikra zake na kuvikabili anavyoviogopa. Katika kundi la pili watoto hawakukutana na mtaalamu kwa ajili ya tiba, bali wazazi wao walifundishwa kubadili namna wanavyoitikia hofu. Matokeo ya wale wa wazazi hayakuwa duni kuliko ya wale waliotibiwa wenyewe. Natamani kila mzazi anayejilaumu alijue hili, kwa kuwa mtoto huwezi kumlazimisha asiogope, lakini mwenendo wako mwenyewe uko mikononi mwako.

Sasa mlangoni. Maneno yanayohitajika yana nusu mbili. Ya kwanza ni kukiri: "Naona unaogopa, na tumbo linakuuma kweli." Ya pili ni kuonyesha imani: "Najua unaweza kuuvumilia woga huu mpaka upite." Wewe umekuwa ukisema nusu ya kwanza peke yake, na mtoto akasikia kwamba hata mama anaona jambo hili limemshinda. Baba yake amekuwa akisema nusu ya pili peke yake, na mtoto akasikia kwamba hakuna aliyemwona. Mmegawana sentensi moja. Kila mmoja wenu anapaswa kuisema yote, kwa maneno machache, kwa sauti ile ile mnayoitumia kumwambia avae viatu. Kisha safari ianze.

Kwa ndugu yangu Baba wa Pacha: nakubaliana nawe kwamba shule aende. Kila siku anayokosa huifanya inayofuata kuwa nzito zaidi. Lakini kabla ya kuweka sheria, mzazi lazima ahakikishe kwamba huko shuleni hakuna anayempiga, kumcheka au kumtisha, na kwamba mtoto hana shida ya kusoma anayoificha. Yakiwapo hayo, hofu yake ni taarifa ya kweli, na kumfundisha kuivumilia ni kumkosea.

---

Mwalimu wa Madarasa ya Chini amejibu:

Mshauri amemaliza mengi, nami nitaongeza ya upande wa pili wa lango la shule.

Mzazi akishafika, kuaga kuwe kufupi. Nimeona wazazi wakiaga kwa robo saa, wakirudi mara tatu kumkumbatia mtoto, na kila wakirudi kilio huanza upya kutoka mwanzo. Mwingine hufanya kosa la kinyume, huondoka kwa kunyata mtoto akiwa ametazama pembeni. Huyo mtoto hatatazama pembeni tena mwaka mzima. Sema kwaheri, taja nani atamfuata na baada ya kipindi gani, geuka, uondoke.

Mwombe mwalimu wa darasa ampe binti yako kazi ya asubuhi. Mimi nilikuwa na mwanafunzi aliyekuwa akisimama kizingitini akitetemeka mpaka kengele ya pili. Nilimwomba awe anagawa daftari za wenzake kabla ya somo la kwanza. Mtoto mwenye daftari 30 mkononi hana nafasi ya kusimama kizingitini; ana mahali pa kwenda, na kila meza anayoifikia kuna mtu wa kumwambia asante. Haikumwondolea hofu, lakini ilimpa njia ya kupita katikati yake.

Kuhusu kuitwa mbele ya darasa, msimwombe mwalimu amsamehe moja kwa moja. Nimewahi kufanya hivyo kwa huruma, na mwisho wa mwaka mtoto alikuwa hajasoma kwa sauti hata mara moja, na kila mwenzake alijua kwa nini. Njia iliyonifaa baadaye ilikuwa kumsikiliza kwanza mezani kwangu tukiwa wawili, kisha akiwa na rafiki mmoja, kisha akiwa amekaa kitini pake darasa likisikiliza, na kusimama mbele kukaja mwisho kabisa. Muhula mzima ulipita hapo, nami sikuuona kuwa mrefu.

Na huo ufutaji wa maneno mpaka karatasi itoboke, mwambie mwalimu. Wengi wetu tunaona daftari safi tunafurahi, hatujiulizi usafi huo umemgharimu nini mtoto.

---

Nilikuwa Mtoto Huyo amejibu:

Mimi si mtaalamu. Nataka tu kusema jinsi ilivyokuwa kwa ndani, kwa sababu wakati ule nisingeweza kulieleza.

Nilikuwa nikiutazama uso wa mama yangu. Nikisema tumbo linauma, sikuwa nikisubiri jibu la mdomo wake. Nilikuwa nikisoma macho yake nione kama kweli kuna hatari. Alikuwa akinitazama kwa huruma kubwa mno, akilainisha sauti, na mimi nikahitimisha kwamba lipo jambo baya ambalo watu wazima wanalijua na hawataki kuniambia. Bibi yangu alikuwa tofauti. Alinisikiliza, akasema, "Ndiyo, hofu hukaa hapo tumboni, hata mimi hunikaa hapo," kisha akaendelea kuzifunga kamba za viatu vyangu. Kwa bibi nilikwenda shule. Wote wawili walinipenda sawasawa.

Jambo jingine: kuambiwa "usiogope, hakuna cha kuogopa" kulinifanya niogope peke yangu.

---

Mama wa Kifungua Mimba amejibu:

Nawashukuru wote, na siwezi kuficha kwamba nimelia kidogo. Nilimsomea mume wangu ile sehemu ya kugawana sentensi moja. Alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akauliza kama nusu yake kweli haina ubaya. Kwa miezi mingi hatujawahi kulizungumza jambo hili kwa utulivu kama jana.

Nimeonana na mwalimu wake pia. Hakuna anayemwonea, na kusoma anasoma vizuri. Lakini tumegundua kwamba siku mbaya zaidi ni zile ambazo ratiba ina somo la kusoma kwa sauti. Sikuwahi kuilinganisha ratiba na maumivu ya tumbo.

Nimebaki na mashaka mawili. Maswali yake ya usiku niyafanyeje, nisiyajibu kabisa? Naona kama ukatili kumnyamazia mtoto anayeuliza kama mama yake atakufa. Na huku kulala chumbani kwetu, tumrudishe chumbani kwake leo leo, au tusubiri la shule litulie kwanza?

---

Mshauri Nasaha amejibu:

Chagua moja. Wazazi wengi wakishaielewa hali hutaka kubadili kila kitu kwa wiki moja, na siku ya nne wanachoka na kurudi walikotoka, na mtoto anakuwa amejifunza kwamba akivumilia siku nne wazazi hulegea. Kwa kuwa shule ndiyo inayopotea, anza na shule na maswali, na chumba kisubiri.

Maswali usiyanyamazie. Kabla ya lolote, kaeni naye wote wawili mchana wa siku ya mapumziko, wakati hana hofu, mumweleze mtakachokifanya. Si kumwomba ruhusa, wala si kumpa adhabu. Mwambie: "Tumeona kwamba ninapokujibu mara nyingi, wasiwasi wako hauondoki, unarudi kutaka zaidi. Kuanzia kesho kila swali nitalijibu mara moja, vizuri. Ukiliuliza tena nitakwambia kwamba jibu unalo." Halafu fanya hivyo hivyo. Akirudia, sema, "Hilo tumelijibu, na naona wasiwasi umekuja. Tukae nao kidogo." Unaweza kumshika mkono, kinachokatazwa ni kurudia jibu, si kuwa karibu naye. Na swali la kifo lijibu kwa ukweli: huwezi kumwahidi kwamba hutakufa, lakini unaweza kumwambia kwamba unatarajia kuishi miaka mingi, na kwamba wapo watu, uwataje, ambao wangemtunza likitokea lolote. Mtoto wa miaka 9 huijua ahadi ya uongo anapoisikia.

Nikutahadharishe kwamba siku za kwanza maswali yataongezeka. Mtu akibonyeza swichi na taa isiwake, huibonyeza tena na tena kwa nguvu zaidi kabla ya kuiacha. Wazazi wengi huacha hapo, wakidhani njia imeshindwa, kumbe ndipo imeanza.

Chumba kikifika zamu yake, kifuate hatua. Wazo hili si geni. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alieleza jinsi alivyomsaidia mtoto wa karibu miaka 3, aliyemwita Peter, ambaye aliwaogopa sungura. Sungura aliwekwa ndani ya kizimba mbali kabisa na mtoto, huku mtoto akila chakula anachokipenda, na siku hadi siku kizimba kikasogezwa. Mwishowe Peter alimshika sungura kwa mikono yake na kumwacha amtafune vidole kidogokidogo. Hakuna aliyemrushia mtoto sungura mapajani, na hakuna aliyemwondoa sungura nyumbani. Kwa binti yako, godoro ndilo kizimba: kando ya kitanda chenu, kisha mlangoni mwa chumba, kisha kwenye korido, kisha chumbani kwake nawe ukiwa umekaa kitini, kisha kiti kikiwa mlangoni. Sogeza pale anapokuwa ameizoea hatua mpaka inamchosha, na umsifu kwa kuthubutu. Usimsifu kwa kutoogopa, maana siku atakayoogopa ataona amekuangusha.

Umeniuliza kwa faragha kuhusu dawa, na nakujibu hapa kwa kuwa wengine watataka kujua. Utafiti mkubwa uliochapishwa Marekani mwaka 2008, wa watoto na vijana 488 wa miaka 7 hadi 17, ulilinganisha tiba ya mazungumzo, dawa iitwayo sertralini, vyote viwili kwa pamoja, na vidonge visivyo na dawa ndani. Walioonyesha nafuu kubwa baada ya wiki 12 walikuwa takriban asilimia 60 kwa mazungumzo, 55 kwa dawa, 81 kwa vyote viwili, na 24 kwa vidonge vitupu. Kwa hiyo dawa ina nafasi yake, hasa hali ikiwa nzito, lakini uamuzi huo ni wa daktari wa magonjwa ya akili ya watoto baada ya kumwona. Na mtoto akianza kusema anataka kufa, kujiumiza, au akiacha kula, hayo hayasubiri hatua wala majukwaa. Mpeleke siku hiyo hiyo.

---

Baba wa Pacha amejibu:

Nimerudi kuongeza jambo ambalo sikulisema mwanzoni. Nilisema aliacha kulia baada ya wiki mbili, na ni kweli. Lakini tangu wakati huo hajawahi kuniambia kwamba anaogopa kitu chochote, na sasa ana miaka 13. Nilikuwa nikijivunia hilo. Tangu nimesoma haya nimekuwa nikimtazama mezani, na sina hakika tena.

---

Mshauri Nasaha amejibu:

Ndugu yangu, miaka 13 si kuchelewa. Usimhoji. Mkiwa garini au mnafanya kazi ya mikono, mahali ambapo hamtazamani usoni, mwambie jambo moja ambalo wewe mwenyewe uliliogopa wiki hii. Kisha nyamaza.

---

Mama wa Kifungua Mimba amejibu:

Zimepita wiki 4, na niliahidi kurudi. Maswali yaliongezeka kweli. Usiku wa tatu aliuliza mara 19, akanipigia kelele kwamba simpendi, nami nilitoka nje ya chumba nikaegemea ukuta mpaka miguu yangu itulie. Mume wangu ndiye aliyeingia akaisema ile sentensi, yote, na akakaa naye. Wiki hii swali la saa ya kumfuata limekuwa mara mbili au tatu. Hajakosa shule kwa ajili ya tumbo, ingawa asubuhi mbili alikwenda analia, na siku moja alitapika, akanawa uso, akaenda. Mwalimu amemkabidhi kazi ya kugawa daftari. Jumanne alinionyesha daftari lake, neno moja limekatwa kwa mstari mmoja na la sahihi limeandikwa juu yake. Sikusema kitu kwa kuogopa kuharibu.

Mwanasaikolojia atamwona wiki ijayo. Tatizo langu la sasa ni godoro. Lilikuwa limefika mlangoni mwa chumba chetu, lakini alishikwa na homa ya kweli kwa siku 3, nikamrudisha kando ya kitanda ili nimwangalie usiku. Homa imekwisha na hataki kusogea. Je, tunaanza upya?

---

Mshauri Nasaha amejibu:

Hapana, hamuanzi upya. Ulifanya sawa kumweka karibu alipokuwa na homa, na mwambie hivyo: alikuwa karibu kwa sababu ya homa, na homa imekwisha. Leo liwekeni katikati, kati ya kitanda na mlango, na yeye mwenyewe ashike ncha moja ya godoro mnapolibeba. Baada ya usiku wa tatu lirudi mlangoni.